SAUTI YA TAWI ISIMEZWE NA MWANGWI

Maoni ya mwandalizi wa matawi, Uganda



Siku hizi kila chama kinanunua mitambo ya mikutano ya video. Tangu mwaka 2020, safari zilipopigwa marufuku kwa sababu ya Korona, waajiri walizoea kujadiliana nasi kwa njia ya kompyuta na televisheni, na safari ziliporuhusiwa tena mazoea hayo yalibaki. Mimi siyapingi. Mjumbe wa tawi la Gulu akija Kampala kwa basi anasafiri zaidi ya kilomita 300, analala usiku mmoja au miwili, chama kinalipa nauli na posho, na kazini nafasi yake inashikwa na mtu mwingine. Akiweza kusema neno lake akiwa palepale Gulu, ni nafuu kwa hazina ya chama na ni nafuu kwa nyumba yake.

Linaloniudhi ni namna tunavyonunua. Kamati inakaa, inaletewa vitabu vya matangazo vyenye picha za kupendeza, na mjadala wote unakwenda kwenye ukubwa wa televisheni. Inchi 55 au inchi 75? Kamera igeuke yenyewe kumfuata msemaji au ikae mahali pamoja? Habari ya sauti huja mwishoni kabisa, watu wakiwa wamekwisha kuangalia saa. Muuzaji anasema, "Spika zimo ndani ya televisheni, na kipaza sauti kimo ndani ya kamera," wajumbe wanaitikia kwa vichwa, na kikao kinafungwa.

Mazungumzo ya mishahara huendeshwa kwa sauti, wala si kwa picha. Picha ikipotea kwa dakika tano hakuna kifungu cha mkataba kinachopotea nayo. Sauti ikipotea kwa sekunde mbili, neno lililopotea laweza kuwa "hapana". Kwa hiyo naomba tuzungumze juu ya vyombo vya kufuta mwangwi, jambo ambalo wengi wanadhani ni la mafundi peke yao.

ANAYESIKIA MWANGWI SIYE MWENYE KASORO

Chukua vyumba viwili, kimoja Kampala na kingine Kasese. Katibu anasema akiwa Kampala. Sauti yake inatoka kwenye spika ya Kasese, inagonga kuta na dari, inaingia katika kipaza sauti kilichopo mezani kulekule Kasese, kisha inarudi Kampala. Katibu anajisikia mwenyewe akirudiwa kidogo nyuma ya maneno yake. Anasita, anaanza sentensi upya, anapoteza mpangilio wa hoja, na mwisho anasema kwa hasira kwamba mitambo ya Kampala ni mibovu.

Sivyo. Kasoro iko Kasese, na watu wa Kasese hawaisikii hata kidogo. Kwao mkutano ni safi kabisa, na wanashangaa katibu ana nini leo.

Kila mwenyekiti wa tawi na alijue jambo hili, kwani linageuza hesabu yote ya manunuzi. Chombo cha kufuta mwangwi kilichofungwa kwenye chumba changu hakinisaidii mimi. Kinakusaidia wewe uliye upande wa pili. Basi makao makuu yakijinunulia mtambo wa fahari na kuliachia tawi kompyuta kuukuu yenye spika ya kukwaruza, makao makuu yatasikia mwangwi vilevile, na fedha za ada zimekwenda bure. Nimeona bajeti ambazo sehemu kubwa ya fungu zima imewekwa kwenye chumba kimoja cha mikutano cha mjini, na mabaki yakagawiwa matawi yote. Wanaopanga hivyo wanadhani wanajinunulia sauti safi. Sauti safi ya makao makuu inanunuliwa Kasese, Gulu, Tororo na Arua. Inafaa hesabu ianzie huko.

KUKATA NA KUFUTA NI MAMBO MAWILI

Taabu hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Zamani simu za mbali zilipoanza kupita kwenye satelaiti, baada ya satelaiti iliyoitwa Early Bird kurushwa mwaka 1965, sauti ilibidi ipande karibu kilomita 36,000 na kushuka tena. Safari hiyo huchukua kama robo ya sekunde, na kurudi robo nyingine. Mtu akisema alijisikia baada ya nusu sekunde. Mwangwi ule ulitoka kwenye viungo vya nyaya za simu, haukutoka kwenye kuta, lakini dawa zake ndizo zilizozaa dawa tulizo nazo leo.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya kijeuri. Chombo kilisikiliza ni upande gani unasema, kikaukata upande mwingine. Mwangwi uliondoka, lakini na mtu aliondoka nao. Katika miaka hiyo ya 1960 wahandisi wa maabara za Bell huko Marekani walitafuta njia ya pili: badala ya kumkata mtu, chombo kijifunze mwangwi ulivyo, kisha kiutoe huo tu na kuiacha sauti ya mtu ipite. Mmoja wao, M. M. Sondhi, alichapisha maelezo ya chombo cha namna hiyo mwaka 1967.

Miaka mingi imepita, na bado dawa ile ya kijeuri inauzwa madukani. Vyombo vingi vya bei rahisi vya kuweka mezani ni vya kukata, wala si vya kufuta. Juu ya boksi vyote vimeandikwa kwamba vinaondoa mwangwi, na si uongo, kwani hata mtu aliyezibwa mdomo hatoi mwangwi.

Nitaeleza hasara yake. Nilikuwapo katika majadiliano juu ya zamu za usiku, na jina la mwajiri naliacha. Upande wa menejimenti walikaa katika chumba chao wakiwa na chombo chao mezani. Tawi lilikuwa ukumbini kwake, mbali. Mwakilishi wa menejimenti alisoma kifungu cha zamu kwa sauti moja ndefu bila kupumzika, na alipofika mahali pa posho ya usiku mwenyekiti wa tawi alisema "Tunapinga" mara tatu. Sisi tuliounganishwa kutoka mahali pa tatu tulimsikia vizuri. Chumbani mwa menejimenti hakusikika, kwa kuwa kile chombo chao, maadamu mtu alikuwa anasema mbele yake, kilikuwa kimeifunga spika. Msomaji alimaliza, akauliza kama kuna neno, akahesabu kimya kidogo, akaendelea na kifungu kinachofuata huku mwenyekiti akihangaika kuwasha tena kipaza sauti chake alichodhani kimezimika. Kumbukumbu za kikao zilipoletwa ziliandikwa: tawi halikutoa pingamizi. Tulihitaji vikao viwili zaidi ili kifungu hicho kifunguliwe upya. Sisemi kwamba mtu alifanya kusudi. Nasema kwamba chombo kile kilimpa haki mwenye kusema bila kupumzika, na katika mazungumzo ya kazi sote tunajua ni nani mwenye karatasi ndefu za kusoma.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji si bei. Mwulize: watu wa pande mbili wakisema kwa wakati mmoja, je, kila mmoja atamsikia mwenzake? Akianza kuzungukazunguka, rudisha chombo chake ndani ya boksi.

NAMNA CHOMBO KINAVYOFANYA KAZI

Fikiri juu ya mtunza hazina aliye na nakala ya kila hundi aliyoitoa. Hundi ikirudi kutoka benki anaijua mara moja, anaiondoa kwenye hesabu, na zinazobaki ni fedha za watu wengine. Kifuta mwangwi nacho ni hivyo. Kinashika nakala ya kila sauti inayopelekwa kwenye spika. Kinakadiria sauti hiyo itarudije baada ya kugonga kuta, kisha kinaitoa katika yale yanayoingia kwenye kipaza sauti. Kinachobaki ni sauti ya mtu aliyeko chumbani.

Ukishaelewa hapo, utaelewa pia kwa nini mitambo mingi iliyofungwa na mafundi wa kubahatisha haifanyi kazi. Asiye na nakala hawezi kutambua hundi. Fundi anachukua kipaza sauti cha duka moja, spika za televisheni ya duka jingine, halafu anaongeza amplifaya ya ukumbini iliyonunuliwa kwa ajili ya sherehe za Mei Mosi. Televisheni nyingi hucheleweshа sauti kidogo ili iende sawa na picha. Amplifaya ina kitufe chake, na kila mtu akikizungusha, yale ambayo kifuta mwangwi kilikuwa kimekwisha kujifunza hayafai tena, hakina budi kuanza upya. Spika zisizo na waya huongeza ucheleweshaji wake pia. Matokeo ni mwangwi unaokuja na kuondoka, na fundi anaitwa kila wiki. Ndiyo maana kwa chumba kidogo mimi napendelea chombo kimoja chenye spika na vipaza sauti pamoja, kilichotengenezwa na mtu mmoja aliyejua umbali wa hiki na kile. Vyombo vya namna hii si vipya. Polycom walitoa chao chenye miguu mitatu mwaka 1992, na siku hizi watengenezaji ni wengi.

Jambo jingine ni spika yenyewe. Kifuta mwangwi kinakadiria sauti safi. Spika ikifunguliwa mpaka ikakwaruza, ule mkwaruzo haumo kwenye nakala, basi haufutiki. Spika ndogo iliyolazimishwa kujaza ukumbi mkubwa itawaudhi watu wa upande wa pili hata kama kifuta mwangwi ni cha bei kubwa. Ni afadhali spika kubwa iliyofunguliwa nusu.

Halafu kuna urefu wa kumbukumbu. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja kwa takriban milisekunde tatu. Katika ofisi ndogo yenye mapazia, mwangwi unakufa upesi. Katika ukumbi wa mabati, sakafu ya saruji na madirisha ya vioo, sauti inazunguka kuta mara nyingi kabla ya kunyamaza, na yaweza kuchukua sekunde nzima au zaidi. Chombo chenye kumbukumbu ya milisekunde 128 kitaufuta mwanzo wa mwangwi na kuuacha mkia. Muuzaji aonyeshe nambari hiyo katika karatasi ya maelezo. Kwa chumba cha mikutano cha kawaida nisingechukua chombo kisichofika milisekunde 200.

CHUMBA KWANZA

Lakini kabla ya nambari zozote, tazama chumba. Kwa chumba cha mazungumzo inashauriwa sauti ife baada ya kama nusu sekunde. Piga kofi moja katikati ya chumba kisicho na watu. Likilia na kuvuma, hakuna chombo kitakachokuokoa kabisa. Pazia la kitambaa kizito kwenye ukuta mmoja mrefu, zulia, ubao laini wa dari chini ya mabati, kabati la vitabu na mafaili: hivi ndivyo vinavyomeza sauti. Fundi cherehani wa mtaani atakushonea pazia hilo kwa bei isiyofika hata nusu ya kamera inayogeuka. (Kuna wanaobandika trei za mayai ukutani. Zinapendeza kwa wenye kupenda mayai; kwa sauti hazifanyi kazi ya maana.)

Na watu wakae karibu na kipaza sauti. Mtu aliye mita mbili kutoka kwenye kipaza sauti, nguvu ya sauti yake inayofika pale ni sehemu moja ya kumi na sita ya ile ambayo ingefika kama angekuwa nusu mita. Lakini mwangwi wa chumba haupungui hivyo, upo kila mahali. Ndiyo maana aliye nyuma anasikika kama yumo pipani. Katika vikao vyetu wanaokaa nyuma ni nani? Ni akina dada wa usafi na vijana wa vibarua, ambao hata kuomba nafasi ya kusema wanaogopa. Vyombo vingine hufungua kipaza sauti pale tu sauti inapozidi kiwango fulani. Fundi akipima kiwango hicho kwa sauti ya mwenyekiti, mwenye sauti laini hafunguliwi kamwe. Siku ya kufunga mtambo, apimwe mtu mwenye sauti ya chini kuliko wote aliyeko chumbani, naye akae kiti cha mbali kuliko vyote.

NINGENUNUA NINI

Kwa tawi la mtu mmoja au wawili wanaokutana ofisini, nunueni hedifoni zenye kipaza sauti. Sauti haitoki masikioni kuja kwenye kipaza, basi hakuna mwangwi wa kufuta. Ni chombo cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote, lakini kwa sababu hakina fahari, kamati hazikitaji.

Kwa ofisi ya watu wanne hadi sita kuzunguka meza, chombo kimoja cha mviringo cha kuweka katikati, kinachounganishwa na kompyuta kwa waya, kinatosha. Kwa meza ndefu ya watu 12 au 15, tafuta cha kuongezewa vipaza sauti vya pembeni, au viwili vya aina moja ambavyo mtengenezaji mwenyewe amekubali viunganishwe. Viwili vya kampuni mbalimbali visiwekwe meza moja hata kidogo, kwani kimoja hakina nakala ya kile ambacho kingine kinasema.

Ukumbi wa watu 80 ni habari nyingine. Wauzaji watakuletea vipaza sauti vya kufunga darini. Ni vizuri, lakini bei ya kimoja huzidi bei ya pikipiki mpya ya bodaboda, na chini ya paa la mabati mvua ikinyesha vitasikia mvua kuliko vitakavyokusikia. Mimi ningechukua vipaza sauti viwili vya mkononi vyenye kitufe cha kuwasha na kuzima, viingie katika kichanganya sauti chenye kifuta mwangwi ndani yake, na mtu mmoja apewe kazi ya kuvipeleka kwa msemaji. Kipaza sauti karibu na mdomo kinamaliza nusu ya taabu. Viwashwe kimoja kimoja, maana kila idadi ya vilivyo wazi inapoongezeka maradufu, kelele na mwangwi wa chumba navyo huongezeka maradufu.

Tena katika ukumbi huo pawe na amri moja: chumba kimoja, chombo kimoja. Mwanachama aliyejiunga na mkutano kwa simu yake huku amekaa ukumbini, spika ya simu ikiwa wazi, atauletea mkutano mzima mlio wa kutoboa masikio. Hana nia mbaya, anataka tu kuona picha. Basi na azime kipaza sauti na sauti ya simu vyote viwili.

Jihadharini pia na kile kinachoitwa kuondoa kelele. Ni kitu tofauti na kufuta mwangwi, ingawa huuzwa pamoja. Programu hizi za kisasa hukisia ni nini maneno ya mtu na ni nini kelele, na kelele huifyeka. Kwa mtu mmoja aliye karibu na barabara ni baraka. Lakini wanachama 80 wakipiga makofi, au wakiguna pamoja kwa kukataa, programu yaweza kuona ni kelele na kuifyeka, na mwajiri upande wa pili akaona watu wanapiga makofi kimya kama sinema ya zamani. Uwezo huo wa kuzima au kupunguza uwe mikononi mwetu. Na kama chombo kina kifuta mwangwi chake, fundi ahakikishe kile cha programu hakiingilii juu yake, kwani viwili vikifuatana vyaweza kutafuna maneno.

MSILIPE KABLA YA KUJARIBU

Muuzaji huonyesha chombo chake dukani, penye zulia na mapazia, naye akiwa msemaji. Hapo hata kikopo cha maziwa kingesikika vizuri. Jaribio lifanyike katika ukumbi wetu, tawi jingine likiwa upande wa pili, na atakayetoa hukumu ni mtu wa upande wa pili, kwa sababu niliyokwisha kueleza.

Mmoja wetu ahesabu moja hadi ishirini bila kusimama. Wakati huohuo mtu wa upande wa pili asome majina ya wajumbe. Kila mmoja aandike alichokisikia. Namba zikikatika au majina yakimezwa, chombo hicho ni cha kukata. Kisha, mtu wa mbali akiwa anaendelea kusema, fungua mlango, sogeza kipaza sauti, watu watembee mbele yake, ongeza sauti ya spika. Mwangwi ukitokea kidogo halafu ukapotea baada ya sekunde chache, ni sawa, chombo kinajifunza. Ukikaa, si sawa. Jaribio hili lote halizidi nusu saa na halina gharama. Muuzaji asiyelikubali ametusaidia kumjua.

Juu ya mtandao nitasema kwa ufupi. Sauti peke yake haihitaji zaidi ya kilobiti 100 kwa sekunde. Picha ndiyo inayokula. Mtandao ukidhoofika, zimeni kamera kwanza. Na modemu iwe na betri yake ya akiba, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kifungu cha mishahara hakuna atakayetusubiri.

CHUMBA CHA MWAJIRI

Wapo watakaosema: kwa nini tujisumbue, wakati mwajiri ana chumba kizuri na ametukaribisha tukitumie? Nakubali kwamba vyumba vyao vingi ni bora kuliko vyetu. Lakini anayeshika mtambo ndiye anayeshika kitufe cha kunyamazisha. Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1963, unahimiza majadiliano ya hiari baina ya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Walioutunga hawakuwa na haja ya kuandika kwamba pande zote mbili zisikike, kwani walikuwa wanakaa meza moja. Sisi sasa tuna haja ya kuliandika.

Napendekeza kila tawi linapofanya upya mapatano ya utaratibu na mwajiri liongeze mambo haya: kwamba kabla ya kikao cha video kuanza kila upande uthibitishe kuwa unasikia na unasikika, na uthibitisho huo uandikwe, kwamba sauti ya upande wowote ikikatika mazungumzo yasimame mpaka irudi, na kifungu kilichokuwa kinasomwa kisomwe tena tangu mwanzo, kwamba kimya cha upande uliokatika kisihesabiwe kuwa ni kukubali, na kwamba vyombo vya kukata sauti visitumiwe katika majadiliano ya mkataba. Waajiri wawili niliozungumza nao juu ya hili hawakuona ugumu wowote, kwani nao wamechoka kurudia maneno.

Wengine watasema fedha hazitoshi. Ni kweli hazitoshi. Ndiyo maana nasema hedifoni, mapazia na vipaza vya mkononi kabla ya televisheni za inchi 75. Anayeona nimekosea hesabu na alete ya kwake.

Kwa sasa naomba makatibu wa matawi wafanye kazi ndogo kabla kamati ya manunuzi haijakutana. Andikeni urefu, upana na kimo cha chumba chenu cha mikutano. Sakafu ni ya nini, paa ni la nini, lina dari au halina. Watu wangapi hukaa humo katika kikao cha kawaida. Umeme hukatika mara ngapi kwa wiki. Na chombo mnachotumia sasa ni cha aina gani. Pigeni kofi lile moja na mwandike mlivyosikia. Barua zitumwe kwa mwandalizi, ofisi ya makao makuu, au mnipe mkononi nitakapopita Tororo na Mbale.